Mwiko wa Chokoleti

Niliporudi Msambweni, mwaka wa pili baada ya Uhuru, niliteremka kwenye basi nikiwa na vitu vitatu ambavyo mji ule haukuwa umepata kuviona kwa mtu mmoja: suti nzito ya sufu, diploma ndani ya fremu ya kioo, na katoni ya chokoleti nyeusi. Suti niliivua kabla ya magharibi. Diploma niliitundika. Chokoleti ndiyo iliyonipa mke.

Kwanza niseme diploma niliipataje, maana wapo waliodhani nilipelekwa na serikali. Sikupelekwa na mtu. Niliondoka Kilindini nikiwa msugua vyungu katika jiko la meli, nikashuka Uingereza sina hata koti, nikaosha sahani za watu mchana na kusoma jioni kwa miaka sita. Mwisho wake nikapewa karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mimi ni mtaalamu wa lishe na uhifadhi wa vyakula. Kutoka kwetu mpaka Kikoneni hapakuwa na mwingine. Nasema hivyo kwa sababu niliulizia.

Mama yangu aliipapasa ile fremu kwa kidole, akafuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Wamekupa kwa kusomea nini?"

"Chakula, mama."

"Chakula."

"Namna chakula kinavyoujenga mwili."

Akamgeukia jirani aliyekuja kunipa mkono wa makaribisho. "Miaka sita," akamwambia, "amekwenda kusomea kula. Na alipoondoka hapa alikuwa akila vizuri tu."

Mwaka wangu wa mwisho kule nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha chokoleti, na huko nikajifunza jambo ambalo watu wengi hawalijui hata leo. Chokoleti ya maziwa, ile wanayopewa watoto, ni peremende tu iliyovaa nguo nzuri. Ile nyeusi, yenye kakao nyingi na sukari kidogo, ni kitu kingine kabisa. Mwalimu wetu wa lishe alikuwa akitufundisha kwamba kakao hulegeza mishipa na kuusaidia moyo kusukuma damu, na kwamba kipande kidogo kwa siku chamtosha mtu mzima. Siku hizi nawasikia wataalamu redioni wakilieleza jambo hilo kama kwamba wameliokota jana. Mimi nililisema Msambweni wakati rangi za bendera yetu zilikuwa bado hazijapigwa na jua.

Katoni ile ilikuwa na vipande ishirini vikubwa, kila kimoja ndani ya karatasi ya fedha. Joto la kaskazi lingeviyeyusha kwa siku moja, kwa hivyo nilivitia ndani ya debe, nikalifukia debe kwenye mchanga ulio chini ya mtungi wa maji wa mama, ambapo huwa pabichi mwaka mzima. Hiyo ndiyo elimu ya uhifadhi wa vyakula. Mama alisema wali uliobaki yeye amekuwa akiuweka palepale tangu hajaolewa.

Sasa nimlete mzee. Alikuwa na minazi mingi kuelekea pwani, na sauti iliyokuwa ikisikika hadi barabarani. Nilikuwa nimetia posa kwa binti yake, nayo posa ilikuwa imekubaliwa. Na wala sikushangaa kwamba imekubaliwa. Lililobaki ni nikaha, na nikaha ilikwama kwenye miguu ya mzee. Ilikuwa imevimba. Hatua ishirini tu na pumzi zinamwishia, anatafuta mahali pa kukaa. Nyumba yake na msikiti, hatua kama mia nne, tena kuna kijimwinuko katikati.

"Siku ya kumwozesha mwanangu," aliniambia, "nitakwenda msikitini kwa miguu yangu, nikae mbele ya watu, niseme kwa pumzi yangu. Sitoi wakili wa kunisemea. Wala sitabebwa kwenye mkokoteni kama gunia la nazi."

"Basi inshallah ukipata nafuu, mzee."

"Nikipata. Nisipopata, subiri."

Daktari wa hospitali alikuwa amekwisha kumwambia aache sukari. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akarudi nyumbani, akaagiza chai. Chai yake ilikuwa na vijiko sita. Alikuwa akila haluwa kila siku ya Mungu, na kaimati za shira jioni, na muwa wa kutafuna katikati ili kinywa kisikae bure. "Yule bwana hakunipa dawa," alikuwa akilalamika. "Alininyang'anya chakula."

Miezi ikapita. Mama yangu akaanza kunihesabia. "Mzee huyo akifa," alisema, "pana matanga, kisha pana eda ya mamake binti, kisha watatoka ndugu wa Vanga ambao nao watataka kuambiwa habari yako tangu mwanzo. Utaoa ukiwa na mvi."

Nikafukua debe.

Nilimkuta mzee barazani kwake baada ya alasiri. Nikaamkia, akaitikia, nikatoa kipande kimoja kwenye karatasi ya fedha na kukivunja mbele yake. Nikamweleza habari za kakao, mishipa, na damu, kwa mpangilio mzuri kama nilivyofundishwa. Akatia kidogo mdomoni. Uso wake ukajikunja kama wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa shubiri.

"Hii ni dawa," akasema.

"Ni chakula, mzee."

"Bwana mdogo, kitu cheusi, kichungu, kimetoka ng'ambo kimefungwa kwa fedha, uniambie ni chakula?" Akakitafuna taratibu. "Haya. Mwiko wake ni nini?"

Kwetu kila dawa ina mwiko wake. Unayepewa mizizi ya mgongo huli samaki asiye na magamba. Unayechanjwa kwa ajili ya kichwa hushikani mikono na mtu mpaka siku saba zipite. Bibi yangu mmoja alikaa masika nzima hali biringani kwa sababu ya goti. Ukiuvunja mwiko, dawa imevunjika, na ugonjwa hurudi na wenzake. Yote hayo niliyajua. Lakini mimi ni mtu niliyesoma.

"Haina mwiko," nikamwambia.

Akaurudisha mkono. Akakiweka kipande kwenye kisahani, akakisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja.

"Basi wape watoto," akasema.

Nilipomweleza mama, aliacha kukuna nazi. "Umempa mtu mzima dawa isiyo na mwiko? Wewe ungeinywa?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Sawa. Hiyo sayansi itafutie mwiko."

Niliwaza hadi kesho yake. Mtu wa elimu ndogo angetaja pweza au biringani, akamaliza. Mimi nilikumbuka maneno ya daktari yaliyomwingia mzee sikio hili na kutokea sikio la pili, na hapo ndipo diploma ilipofanya kazi yake. Alasiri nikarudi.

"Mzee, jana sikukwambia kweli," nikaanza. "Mwiko upo. Ila ni mzito, nikaogopa kwamba hutauweza."

Akakaa wima. "Mimi? Mimi nilikaa miezi mitatu sili pweza kwa ajili ya jino."

"Huu umeupita ule."

"Utaje."

"Sukari."

Kuku alikatiza, mzee akamfuata kwa macho mpaka akaishilia nyuma ya nyumba.

"Sukari ya namna gani?"

"Sukari yote. Ya chai, ya haluwa, ya kaimati."

"Muwa?"

"Muwa ndiko inakotoka."

"Tende?"

"Moja, ya kufungulia Ramadhani."

"Dafu?"

Hapo nilisita. Kumkataza dafu mtu mwenye minazi mingi kiasi kile ni kutafuta kufukuzwa. "Dafu halimo," nikasema, naye akatoa pumzi ndefu. Ile sukari kidogo iliyokuwa ndani ya chokoleti yenyewe sikuitaja. Mtaalamu hasemi kila kitu.

"Na mwiko huu ni mpaka lini?"

"Mpaka dawa iishe."

Debe lote ningemwachia yeye, na katika hesabu yangu angemaliza katoni kwa miezi mitatu, akiwa mlafi miwili. Alikuwa akiinamisha kichwa kukubali wakati binti yake alipotoka ndani na birika. Alinimiminia chai, akatia vijiko vinne bila kuniuliza, maana alikuwa anajua ninavyopenda. Nilikuwa nimekaa miaka sita kwenye baridi nikiota kaimati. Nikakinyanyua kikombe.

"Baba," akasema, kwa sauti ya upole sana, "na mwenye kuitoa dawa, naye si huushika mwiko?"

Ni kweli, na kila mtu kwetu analijua hilo. Mganga akivunja mwiko wakati mgonjwa wake anaushika, ni sawa na mgonjwa kuuvunja. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimesahau kwamba nimekuwa mganga.

Mzee akanigeukia. "Ehe. Unaushika?"

Kikombe kilikuwa hapa, mdomo uko hapa.

"Naushika," nikasema.

Binti akakipokea kikombe mkononi mwangu kwa heshima zote, akaimwaga chai kwenye shina la mlimau, akanitilia nyingine. "Hiyo haina kitu," akasema.

Basi yakaanza maisha ya taabu. Mzee aliyemshinda daktari, aliyewashinda mkewe na nduguze wote, aliushika mwiko kama mtu aliyeshika usukani. Kila asubuhi alikata kipande cha chokoleti kwa kisu chake cha tambuu, akakiweka ulimini na kufumba macho. Mwanzo alikunja uso. Wiki ya tatu hakukunja. "Baada ya uchungu," alinieleza siku moja, "kuna kitu kingine kinakuja nyuma yake, kama harufu ya kahawa inayokaangwa nyumba ya pili." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimefanya kazi kiwandani. Kipande kimoja kilipobadilika kikawa na weupe juu kwa ajili ya joto, nilimweleza kwamba ni mafuta yake yamepanda, hayana dhara. Akakitazama. "Kimeota mvi," akasema. "Basi kitakuwa na akili zaidi."

Lakini hakutosheka kuushika yeye. Alinilinda na mimi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kaimati njia panda, ambaye nilikuwa mteja wake tangu sijavaa suruali ndefu, aliniambia waziwazi, "Kwako siuzi, mwanangu. Mzee amepita hapa." Alikuwa amepita kwa miguu, tena hatua zaidi ya mia. Nilifurahi na kuhuzunika kwa pamoja.

Ili kulikimbia jambo hilo nikaenda mbali. Wakati huo mahoteli ya Diani yalikuwa machache, na moja lilikuwa linatafuta msimamizi wa stoo ya chakula. Nikaenda na fremu yangu kwapani. Mzungu mwenye kazi aliitazama diploma, akapendezwa, akaamuru iletwe chai na keki. Keki ilikuwa na tabaka tatu. Nikatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu wa kwetu. Nikanyoosha mkono.

"Kaka," ikasema sauti iliyokuja na sinia, taratibu, kwa Kiswahili, "hiyo si ina sukari?"

Alikuwa mpwa wake mzee. Nikaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto, na kumwambia Mzungu kwamba mimi nikiwa kazini sigusi vitamu. Akanipa kazi palepale. Baadaye nilisikia alisema kwamba mtu anayeweza kuiacha keki ile hawezi kuiba stoo. Hivyo hata kazi yangu ya kwanza ilitokana na mwiko, ingawa nyumbani nilisema ilitokana na diploma, na diploma nayo ilikuwapo mezani.

Mzee akazidi kupata nafuu. Kwanza makubadhi yalimwingia miguuni bila kufunguliwa ukanda wa gidamu. Kisha akafika dukani, akafika barabarani. Siku moja alifika kwetu, akasimama uani, akamwambia mama yangu, "Shemegi, waambie jamaa zako wajitayarishe. Nimeupanda ule mwinuko jana na leo." Mama aliniangalia kwa jicho ambalo nilikuwa nikilisubiri tangu niliposhuka kwenye basi. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, angalau kusomea kula kumefaa kitu."

Wako wanaosema kwamba mzee alipona kwa kuacha sukari, wala si kwa chokoleti. Daktari mwenyewe alisema hivyo, tena akicheka. Mimi simbishii. Nasema tu kwamba daktari alimwambia aache sukari, naye hakuacha; mimi nilimpa chokoleti, naye akaacha. Mwenye kutaka kuifuata dawa yangu aile nyeusi, kidogo, kwa utulivu, asidhani kwamba ukizidisha ndiyo utapona haraka, na hospitali aende vilevile. Hayo nayasema kama mtaalamu.

Siku ya nikaha nilivaa kanzu, na juu yake koti la ile suti ya sufu, jasho likinitoka kama niliyepikwa. Mzee alitoka nyumbani kwake mbele yetu sote. Alikataa fimbo. Alikataa bega la mtu. Sisi tukamfuata kwa hatua zake, hakuna aliyethubutu kumpita, tukionekana kama msafara wa kinyonga. Penye mwinuko alisimama mara moja, akanyanyua mkono kuelekea upande wa minazi, akasema, "Salaam alaykum." Upande ule hapakuwa na mtu. Sote tukaitikia, alaykum salaam, tukamngoja, kisha akaendelea.

Msikitini alikaa mbele yangu, goti kwa goti, akanishika mkono, akaniozesha binti yake kwa sauti ile iliyofika barabarani, kwa pumzi yake mwenyewe, bila kukatika. Nikakubali. Nilikuwa na macho mabichi, na nililisingizia koti.

Ndipo likaja sinia la haluwa.

Nilikuwa nimekula vitamu vingapi tangu alasiri ile ya mlimau? Hata kimoja. Haluwa ilikuwa ya moto bado, inang'aa, mafuta yake yanaelea pembezoni. Shekhe aliyefungisha nikaha alinisogezea. "Bwana harusi, anza wewe. Leo ni yako."

Nikamtazama mzee. Naye alikuwa ananitazama.

"Baba," nikamwuliza kwa sauti ya chini, "dawa imebaki kiasi gani?"

"Vipande kumi na moja."

"Kumi na moja? Si ilitakiwa iwe imekwisha?"

"Nakata vidogo," akasema. "Kitu kinachofaa hakimalizwi kwa pupa." Kisha akawageukia watu, akapaza sauti ili hata walio ukumbini wasikie. "Msimlazimishe. Ni mwiko wetu, mimi na mkwe wangu."

Watu wakanong'onezana kwa heshima. Mmoja alisema hajapata kuona bwana harusi mwenye msimamo kama ule, na nilikubaliana naye. Sinia likapita kwangu, likapita kwa mzee, likaenda kwa watu wengine, likarudi tupu.

Kwa desturi yetu bwana harusi hukaa fungate nyumbani kwa wakwe siku saba, akiletewa vyakula vya kumstarehesha. Asubuhi ya kwanza mke wangu aliweka mbele yangu vitumbua chini ya kawa. Nikafunua kawa, nikasikia harufu ya iliki, nikamwambia, "Baba yako hayupo humu ndani."

"Hayupo," akasema. "Kula."

Nikauma. Havikuwa na sukari hata punje moja.

"Amewaagiza jikoni tangu jana," akasema mke wangu, na sasa alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa mtandio. "Siku zote saba."

"Wewe ndiwe uliyenitia katika haya. Wewe na birika lako."

"Mimi."

"Kwa nini?"

Akakaa chini, akanimiminia chai isiyo na kitu. "Baba asingeuweza mwiko peke yake," akasema. "Siku tatu, nne, angeuacha. Lakini baba hapendi kushindwa na mtu, na wewe ulikuwa umekaa pale na tai yako, unajisikia kuliko mji mzima. Nikaona nimempata mtu wa kushindana naye."

Mara pakabishwa hodi. Alikuwa mzee, ametoka msikitini, makubadhi yana mchanga wa njiani. Hakuingia. Alipitisha mkono tu katika upenyo wa mlango, na kwenye kiganja kulikuwa na kijipande cha chokoleti kiasi cha ukucha.

"Mkwe," akasema akiwa nje, "chukua chako. Nimeona si haki nipone peke yangu."

Nikakipokea, nikakiweka ulimini. Kilikuwa kichungu, kisha nyuma yake ikaja ile harufu ya kahawa ya nyumba ya pili. Nikakiteremsha kwa chai yangu, na tangu siku ile sijatia sukari kikombeni.